Ukivuliwa jina la mtaani unabaki nani? Uzi kwa waliochoka kulinda sura

#1 Mzawa wa Mabatini (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Nimezaliwa Mabatini hapa Mwanza, riziki naitafutia Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, kwenye dagaa na kayabo (samaki wa chumvi). Wanaopajua Mwaloni wanajua kwamba pale hakuna mtu asiye na cheo. Mwenye mtumbwi mmoja ni tajiri. Anayeshika daftari la mizigo ya Kongo ni mhasibu. Kijana aliyewahi kufungua injini ya boti ikawaka tena, huyo ni injinia mpaka kufa. Ni raha ya sokoni, sina ugomvi nayo. Ninachotaka tujadili ni kile kinachotokea mtu anapokikubali cheo kile mpaka ndani, akalala nacho na kuamka nacho, halafu maisha yakibadilika akakosa pa kukiweka.

Kuna mzee mmoja nitamwita Tajiri, maana ndivyo alivyoitwa, na wengi wetu jina lake halisi tulilisikia kwa mara ya kwanza likitangazwa kanisani. Alipanda miaka ya 1990, wakati viwanda vya minofu ya sangara vinaota kandokando ya ziwa na kila mwenye injini ana soko. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga soko kwa muda kwa samaki wa Ziwa Victoria, alitikisika, akasimama tena. Kilichomwangusha kilikuja polepole baadaye: sangara wakapungua, injini zikaporwa ziwani, mafuta yakapanda bei. Ukimuuliza ni siku gani alifilisika hana jibu, kwa sababu siku hiyo haikuwapo.

Mali ikaondoka, Tajiri akabaki. Gari likawa linatoka siku za misiba na harusi tu, kule watu waliko. Kikao cha harusi kikimwandikia laki 5 anaitikia, halafu anapitia uchochoroni kwenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Mkewe alikuwa anajua. Watoto walikuwa wanajua. Nadhani hata kausha damu wenyewe walikuwa wanajua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa zamu usiku na mchana, akimlinda mtu ambaye ameshaondoka.

Siku moja kwenye kikao cha harusi huku kwetu, mwenyekiti akawa anasoma majina. Alipofika kwake akasema, "Tajiri laki 5, kama kawaida." Mzee akajibu, "Andika elfu 30. Ninazo hapa." Watu wakacheka, wakidhani anatania. Akarudia. Mwenyekiti akaandika. Kikao kikahamia ajenda ya ukumbi, na huko tukabishana karibu saa nzima.

Baadaye nilimuuliza alijisikiaje. Akaniambia aibu aliipata, masikio yaliwaka moto, lakini kilichomshangaza ni jinsi ilivyoisha haraka. Miaka yote ile alidhani mtaa umekaa unamtazama. Mtaa ulikuwa unatafuta ukumbi wa bei nafuu.

Gari aliliuza, madeni mengi akayalipa. Leo anashona nyavu kivulini na vijana ambao zamani walikuwa wakimpakulia samaki, wanamtania naye anawatania. Sisemi ana furaha tele. Mguu unamsumbua na pesa ni ya shida. Ila amekuwa mwepesi. Ukikaa naye dakika kumi unaona.

Nilipoanza kusomasoma mambo haya nikakutana na Mmarekani William James, aliyesomea udaktari pale Harvard kisha akafundisha saikolojia hapohapo. Mwaka 1890 aliandika hesabu moja nyepesi: kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake gawanya kwa madai yake, yaani yale anayojidai kuwa. Wengi wetu tunahangaika na namba ya juu, tuongeze mafanikio. Yeye akasema hata ya chini inapunguzika, na kwamba kuachana na dai kunampa mtu nafuu ileile ambayo angeipata dai hilo lingetimia. Mfano aliutoa kwake mwenyewe. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye kuwa mwanasaikolojia, basi akimkuta anayemzidi humo anaumia. Kigiriki hakukijua, na hakikumnyima usingizi hata kidogo, kwa sababu hakuwahi kujidai mjuzi wa Kigiriki.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu. Ile laki 5 ilikuwa namba ya chini.

Mimi huwa najikagua kwa moto wa usoni. Mtu akinisalimia bila lile "bosi" nililozoea, au mdogo wangu akiombwa ushauri mbele yangu nami nisiulizwe, nikasikia joto linapanda, najua kuna dai limeguswa. Silifukuzi. Najiuliza tu hili nililidai lini, na nani aliniomba. Mara nyingi hakuna aliyeniomba.

Tuchangie wakuu. Nyie mnamlinda nani?

#2 Sato Mbichi

Mimi namlinda "handsome wa Nyakato" tangu 2009, na kitambi hiki. Naomba mwongozo.

#3 Mzawa wa Mabatini

Sato Mbichi, umetajwa kabisa. James huyohuyo aliandika ni raha iliyoje siku tunapoacha kuhangaika kuwa vijana au wembamba. Pumua mkuu.

#4 Mpambanaji wa Igoma

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini hii falsafa ni ya watu wenye mshahara. Mimi naleta vitenge na mashuka kutoka Kariakoo kwa mali kauli, yaani nachukua mzigo kwanza, nalipa nikishauza. Hakuna mkataba, hakuna hati ya nyumba. Mtu ananipakilia mzigo kwenye lori kwa sababu ya jina langu. Nikianza kusema kwenye vikao "andikeni elfu 30", habari itafika Kariakoo kabla yangu na mzigo utasimama. Mnajua wenyewe, mtu akishasemwa kuwa ameishiwa, hata mwenye kioski jirani anaanza kukumbuka deni la sukari la mwaka juzi. Sura ni mtaji. Mzee wako alikuwa ameshaanguka, hakuwa na cha kupoteza. Niambie anayepanda afanyeje.

#5 Mvuka Busisi

Nendeni Kigongo mkaulize. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, pale kulikuwa na watu maarufu kwa sababu ya foleni ya kivuko tu. Unasubiri, unanunua mayai na mahindi, mwishowe unamjua muuzaji kwa jina na yeye anajua unapenda chumvi kiasi gani. Sasa hivi unakatiza juu ya maji kilomita 3 na hakuna anayesimama. Foleni iliondoka na vyeo vyake. Jamaa yangu mmoja alikaa muda mrefu akililaani daraja, anaeleza kila anayemsikiliza alivyokuwa anajulikana na madereva wote wa Geita. Mwenzake, mtaji uleule, akahamishia meza yake Nyegezi stendi, ambako hakuna aliyemjua, akaanza kuita wateja upya.

#6 Dada Mkubwa

Mimi ni mwanamke, naishi Ilemela, mtoto wa kwanza kwetu. Picha yangu haina gari wala laki 5. Mimi ni "Dada atajua". Ada ikikosekana, Dada atajua. Mama akiugua, Dada atajua. Bati la bibi likitoboka kijijini, simu inaanza na "Dada, shikamoo", na hapo unajua shikamoo hiyo ina bei.

Nililazwa Bugando kwa presha na sikumwambia mtu wa nyumbani. Nilisema niko semina ya kikazi. Wakuu, kuuguza najua. Kuuguzwa sijui kunafanywaje, hata uso wa kuweka sikuujua. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa Sengerema, ndiye aliyekuwa ananigawia uji wake. Mdogo wangu alikuja kugundua kwa njia anazozijua yeye, akaingia wodini na chupa ya chai, amekasirika kwelikweli. Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo sisi kwako ni wadai tu?"

Nilivyotoka, ada ya mtoto wa shangazi ilipokuja kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikaandika neno moja: "Sina." Kundi likanyamaza. Mtu akatuma emoji ya mikono ya maombi. Baada ya siku mbili kaka yetu wa tatu, yule ambaye ukoo mzima unamwita mzembe, akatuma nusu ya ada.

Sasa hiki ndicho ninachotaka kukiongeza kwenye uzi. Mleta uzi anazungumza kama vile sura ni ya mtu mmoja. Kwetu, mimi nilipokuwa nguzo kulikuwa na mtu ambaye ilibidi awe mzembe ili hesabu ikae sawa. Nilipoteleza kidogo kwenye nafasi yangu, na yeye akapata pa kusogea. Sijui kama alikuwa anaipenda nafasi ile. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

#7 Sato Mbichi

Mimi ndiye wa tatu kwetu. Nimesoma hapo nikazima data.

#8 Frateri Mstaafu

Cheo changu mimi nilipewa na kijiji kizima, Ukerewe. Niliingia seminari ndogo nikiwa mtoto, na tangu siku hiyo utoto ukaisha. Nikawa Frateri. Bibi zangu waliacha kunituma dukani. Nikikaribia kijiwe, wakubwa kwangu wanabadilisha mazungumzo. Nilifika mpaka falsafa, nikaacha. Kwa nini niliacha siwezi kueleza vizuri, na kila maelezo niliyowahi kuyatoa yalikuwa ya kumridhisha aliyeuliza. Wamama waliochanga pesa za godoro na ndoo yangu walinipokea kwa kunishika mkono taratibu, kama wanavyomshika mfiwa.

Nikahamia mjini Mwanza, nikawa mpinzani. Padre akisema nyeupe, mimi nyeusi. Kila aya nilikuwa na hoja yake. Vijana wa Malimbe tuliokuwa tunakaa nao wakaniita Mwanafalsafa, nikaupenda mno mwito huo. Ikawa siwezi hata kufurahia wimbo wa Krismasi hadharani kwa kuogopa wataniona nimelegea. Kwa hiyo nawaambia wanaodhani kuvua sura ni kuvaa kinyume chake: lindo linahama, mlinzi ni yuleyule. Nawaona wengi mjini wanaojisifu kuwa "wao hawajali watu wanasema nini", na wanahakikisha kila mtu amesikia.

Chuoni tulisoma David Hume, Mskochi. Mwaka 1739 aliandika kwamba kila alipojichungulia ndani kumtafuta huyo anayeitwa "mimi", alikuta joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha. Mwenyewe, peke yake, bila kimojawapo cha hivyo, hakuwahi kumkamata. Tulimsoma ili tumpinge, nami nikampinga kwenye mtihani nikafaulu. Buddha kule India alikuwa amefundisha jambo la jirani na hilo karne nyingi kabla yake, akalitoa kama dawa ya mateso, wala hakuna aliyemtungia mtihani.

Nilikuja kulielewa nikiwa kwenye kivuko cha kwenda Nansio. Nimekaa juu ya gunia la mtu, simu imeisha chaji, hakuna abiria anayenijua. Nasikia njaa, nasikia upepo. Njaa ilikuwepo, upepo ulikuwepo. Frateri nikamtafuta sikumwona, mpinga-Frateri naye sikumwona, na safari ikaendelea. Hilo halikudumu, tulipofunga gati nikaanza tena kujipanga nitawaambia nini nyumbani. Lakini ukishaona mara moja kwamba yule mtu anaweza kukosekana na wewe ukaendelea kupumua, hawezi tena kukutisha kama zamani.

Sasa hivi Jumapili nyingine naimba besi kwenye kwaya, nyingine nalala. Wakiniuliza "umerudi?" nawajibu nimekuja kuimba.

#9 Alfajiri

Namuunga mkono Frateri, ingawa tunasali kwingine. Sisi Waislamu tunaonywa sana kuhusu riya, kufanya jema ili uonekane, Mtume (S.A.W.) aliiita shirki ndogo, shirki ikiwa ni kumshirikisha Mungu. Wengi wanaishia hapo. Lakini Fudhayl bin Iyadh, mcha Mungu wa zamani, alisema kuacha jambo kwa ajili ya watu nako ni riya. Anayeacha kutoa sadaka mbele za watu kwa kuogopa wataambizana anajionyesha, huyo macho yake bado yako kwa watu. Kwa hiyo mzee wa elfu 30 naye awe macho. Ikifika mahali anajivunia ile elfu 30, amerudi kulekule kwa nauli ya bei rahisi.

#10 Karabai

Niko visiwani humu ziwani, mtandao ukikatika mnisamehe.

Huku dagaa tunavua kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi, dagaa hawaifuati taa. Siku za giza kijana ana pesa, anaitwa majina yote mazuri, meza ni yake. Mbalamwezi ikiingia, yuleyule anakopa unga. Kila mwezi, mwaka mzima. Ungedhani watu wa huku wangekuwa wa kwanza kujua kwamba mtu na sifa zake ni vitu viwili. Hawajui. Giza likirudi, na kiburi kinarudi.

Mimi nilikatisha chuo nikaja huku, nikaamini sura yangu nimeiacha gatini. Hakuna anayenijua, naitwa kwa jina la utani. Haukupita muda nikajikuta namweleza kila mgeni kwamba mimi si mvuvi wa hivihivi, nimesoma. Hakuna aliyeuliza. Usiku mmoja nilikuwa katikati ya maelezo hayo ndani ya mtumbwi, nahodha akaniwekea kopo mkononi, maana maji yalikuwa yanaingia. Nikachota maji. Alikuwa amechoka tu, hakuwa ananifundisha chochote. Ila tangu siku hiyo nikianza kusema "mimi nilisoma", nakumbuka lile kopo.

#11 Mzawa wa Mabatini

Dada Mkubwa, hilo la kaka yako sikuwa nimeliona. Nashukuru. Alfajiri, nitamfikishia mzee, atacheka.

Mpambanaji wa Igoma, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, nimeizungusha kichwani kutwa nzima. Lakini tenganisha vitu. Yule wa Kariakoo anakupakilia mzigo kwa sababu ulisema utalipa Ijumaa ukalipa. Hilo limo kwenye daftari lake, halihitaji ulinzi wako. Sura ni kile kinachokufanya mwezi ukiyumba usipokee simu yake. Pale Mwaloni nimeona watu wakipoteza wateja wa Kongo kwa kuzima simu, na pesa zenyewe wangezipata baada ya wiki. Anayepiga akasema "bosi wangu, leo nina nusu, nusu nyingine mzigo ujao" anatukanwa siku hiyo. Wapo wanaokatiwa kabisa, sikatai. Wengi mzigo unaendelea, kwa sababu msambazaji naye ana madeni yake na anajua kuyumba kukoje.

Tajiri alikuwa anatoa laki 5 harusini huku fundi wa injini anamdai. Ukumbini alipigiwa makofi, na huku nyuma fundi anamtangaza gati nzima. Sura ilikuwa inalitafuna jina.

Anayepanda afanyeje? Apande. Asiache tu madai yakakimbia mbele ya daftari.

#12 Mpambanaji wa Igoma

Kwa msambazaji nimekuelewa, na kupokea simu sina ubishi, hilo hata marehemu baba alilisema. Lakini mtaa hauna daftari. Kijana wangu akienda kuposa, watatazama viatu, watatazama gari, watatazama wazee niliokuja nao. Utaniambia nisikodi gari?

#13 Dada Mkubwa

Kodi gari kaka yangu. Ila usimwambie kijana kwamba ni lako.

#14 Mzawa wa Mabatini

Kodi. Tajiri mwenyewe kijana wake alipoposa Magu alivaa koti la kuazima. Wakwe walipomuuliza anashughulika na nini akasema nashona nyavu. Mzee mmoja wa upande ule akamuuliza za matundu ya ngapi, wakazama humo mpaka chakula kikaletwa.

#15 Mpambanaji wa Igoma

Na ng'ombe walipunguziwa?

#16 Mzawa wa Mabatini

Hata mmoja, mkuu. Walikubali tu wapelekwe kwa awamu.